Shajara ya mradi: somo la kwanza kwa Kireno, kutoka Salt Lake hadi Provo

Lengo

Vijana wa tawi letu la Kiswahili, usharika mdogo wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho hapa Salt Lake, Utah, wameniomba niandike kila kinachoendelea, kwa sababu kila anayerudi kutoka misheni ukimuuliza kuhusu mafunzo ya Provo hujibu "yalikuwa mazuri", kisha anaruka moja kwa moja hadi habari za nchi aliyotumwa. Baadhi yao watapokea wito wao wa misheni hivi karibuni na wanataka kujua wanakwenda kufanya nini hasa. Basi hii ndiyo shajara. Nimeiita ya mradi kwa kuwa nimejiwekea kazi moja inayopimika: kabla sijatoka kwenye Kituo cha Mafunzo ya Wamisionari huko Provo, niwe naweza kufundisha somo la kwanza kwa Kireno bila karatasi mkononi, na anayenisikiliza aelewe.

Somo la kwanza ni ujumbe wa Urejesho, yaani kurudishwa kwa Kanisa la Kristo duniani. Mungu ni Baba yetu, tangu zamani huwaita manabii, Yesu Kristo alianzisha Kanisa lake, mitume wakauawa na mamlaka yakapotea, na mwaka 1820 kijana wa miaka 14, Joseph Smith, aliingia msituni katika jimbo la New York kumwuliza Mungu ajiunge na kanisa lipi. Kwa Kiswahili, hata nikiamshwa usiku wa manane ninalifundisha. Kwa Kireno, leo ninapoanza kuandika, sina hata salamu.

Kipimo ni hiki: mtu anayejua Kireno akae mbele yetu, tumfundishe, kisha aeleze kwa maneno yake mwenyewe alichosikia. Akieleza tulichofundisha, kazi imekamilika. Akieleza jambo jingine, bado.

Kabla ya kuanza

Wito siku hizi huja kwenye simu. Tulikusanyika sebuleni na baba akasoma kwa sauti: Misheni ya Ureno Lisbon, miezi 24, lugha Kireno. Mama aliuliza papo hapo kama ni karibu na Ubelgiji, maana mdogo wake anaishi huko. Baba, ambaye hatoi machozi ovyo, alisoma barua ile tena tangu mwanzo.

Kwa wasiotujua: sisi ni Wabembe wa Fizi, Kivu Kusini. Nilizaliwa kambini Nyarugusu, mkoani Kigoma, na nilikuwa bado mtoto tulipoletwa Utah. Wamisionari wawili waligonga mlango wetu mwaka wa kwanza, wakarudi, wakarudi tena, na baba akabatizwa akiwa wa kwanza nyumbani. Ndiyo maana kazi hii kwangu si desturi ya ukoo kama ilivyo kwa vijana wengi wa hapa ambao baba zao na babu zao walikwenda misheni. Kwetu mimi ndiye ninayefungua njia.

Nizungumzie fedha waziwazi, kwa sababu vijana huambiwa wakiwa wamechelewa. Mmisionari anayetoka Marekani huchangia dola 500 kwa mwezi, kiwango kilichoanza Julai 2020. Kiasi ni kilekile hata ukitumwa mji ambao maisha ni ghali. Fedha huingia mfuko mmoja kisha misheni hupewa kwa kadiri ya mahitaji. Kwa mvulana anayetumika miezi 24 jumla ni dola 12,000. Kwa dada anayetumika miezi 18 ni 9,000. Nimefanya kazi ghalani tangu nilipomaliza sekondari, baba anaongezea, na familia mbili za tawi zimebeba sehemu iliyobaki bila kutaka kutajwa. Juu ya hapo kuna suti, viatu vya kutembea mchana kutwa, daktari, daktari wa meno na pasipoti. Wadogo zangu, anzeni kuweka akiba sasa, hata kama ni kidogo kila mwezi.

Viza ya Ureno ni suala la peke yake. Maombi yameshapelekwa, karatasi zote zipo, na jibu halina tarehe.

Kabla ya kuanza niliingia hekaluni Taylorsville na wazazi wangu kwa mara ya kwanza. Mambo ya hekaluni hayaandikwi hapa. Nitasema tu kwamba nilitoka nikiwa najua ninamfanyia nani kazi.

Juma la nyumbani

Rais wa kigingi, yaani kiongozi wa sharika za eneo letu, aliniwekea mikono jioni na kunitenga kwa ajili ya kazi. Nilikumbuka Matendo 13, pale Roho Mtakatifu aliposema, "Nitengieni Barnaba na Sauli." Kesho yake asubuhi nilikuwa mmisionari kamili, shati jeupe na tai, nikiwa bado kwenye chumba ninacholala na wadogo zangu.

Mafunzo huanzia nyumbani kwa njia ya video. Machi 2020 korona ilipofunga kituo cha Provo, kila kitu kilihamia mtandaoni, na ingawa kituo kilianza kupokea tena watu Juni 2021, utaratibu wa kuanzia nyumbani haukuondolewa. Kwenye skrini tulikuwa wilaya nzima, yaani kikundi cha darasa moja: wengine wanakwenda Ureno, wengine Brazil. Hapo ndipo nilipomwona mwenza wangu, yaani mmisionari niliyepangiwa kufanya naye kazi, kwa mara ya kwanza, kijana wa shamba la viazi huko Idaho, akiwa amekaa jikoni kwao na mbwa anapita nyuma yake.

Mwalimu alianza na sala. Sala ndiyo mlango wa lugha, na ninakubaliana kabisa na mpango huo: mwanzo wake na mwisho wake haubadiliki, katikati unashukuru na kuomba, kwa hiyo hata mwenye maneno machache anaweza kusema jambo la kweli kutoka moyoni. Siku ya pili nilisali kwa Kireno peke yangu, sentensi fupi fupi. Mama alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya sombe na wali. Alisubiri hadi nimalize, akasema "Amina", akaweka sahani mezani, akafunga mlango.

Hali ya mradi: sala ipo. Salamu zipo. Somo lenyewe halijaguswa.

Jumatano, kuingia Provo

Kituo kiko jirani na Chuo Kikuu cha Brigham Young, chini ya milima ya Wasatch. Ukitazama mashariki unaiona ile herufi Y kubwa nyeupe mlimani. Ng'ambo ya barabara kuna hekalu lililowekwa wakfu 1972 na kufungwa Februari 2024 ili lijengwe upya. Kazi ya kufundisha wamisionari lugha ilianza hapa 1961, ikiwa ni taasisi ndogo ya chuo. Majengo ya kituo yalifunguliwa 1976, na mwaka 2017 yakaongezwa mawili mapya ya madarasa. Zaidi ya lugha 50 hufundishwa. Ukipita koridoni unasikia Kijapani mlango huu, Kirusi mlango ule, na wote ni watoto wa miaka 18, 19, wanasoma kwa sauti kama watu wenye haraka ya kweli.

Kuagana hufanyika barabarani. Gari linasimama, mmisionari mwenyeji anafungua mlango na kushusha mabegi, mnakumbatiana, gari linaondoka, jingine linaingia. Walionitangulia waliniambia ni afadhali hivyo. Nami naona ni afadhali, ila kwetu ilikuwa na uzito wake. Katika ukoo wetu kuondoka kumekuwa ni kukimbia. Babu aliondoka Fizi usiku. Baba na mama waliondoka na dada yangu mgongoni na sufuria moja. Mimi ndiye wa kwanza kuondoka mchana, kwa hiari, mabegi yamepangwa, na mwezi wa kurudi unajulikana. Baba alinishika mkono kwa mikono yake miwili akasema, "Nenda, baba, kafanye kazi, urudi." Mama alinyoosha tai yangu ambayo haikuwa imepinda.

Mlangoni nikapewa beji nyeusi: Élder na jina la ukoo wetu, chini yake A Igreja de Jesus Cristo dos Santos dos Últimos Dias, jina la Kanisa letu kwa Kireno. Jina la babu yangu kwa mara ya kwanza limeandikwa juu ya kitu ambacho si orodha ya wakimbizi. Nililitazama kwa muda kwenye kioo cha bweni.

Baada ya chakula cha mchana tukaingia darasani. Mwalimu hakusema neno hata moja la Kiingereza, tangu salamu hadi kengele. Alionyesha, akaigiza, akaandika, akarudia, akacheka nasi. Jioni kichwa kilikuwa kizito, lakini nilijua kusema ninatoka wapi, nina ndugu wangapi, na kwa nini nimekuja.

Ratiba, na mtu wa kando yako

Kuamka ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, taa zinazimwa saa nne na nusu usiku. Katikati ni kujifunza peke yako, kujifunza na mwenza, darasa la asubuhi, mazoezi ya mwili, darasa la mchana, kufundisha, kupanga kesho. Bwalo lina chakula kingi, na ninasema hivi kama mtu aliyekua akipanga foleni ya mgao wa unga: mwanzoni nilishindwa kuchagua, nikawa ninachukua anachochukua mwenza wangu. Siku ya maandalizi mara moja kwa wiki unafua, unaandika barua, unapiga simu ya video nyumbani. Simu ya kila wiki imeruhusiwa tangu Februari 2019. Kabla ya hapo ilikuwa Krismasi na Siku ya Akina Mama basi.

Mwenza ndiye sehemu ambayo hakuna kitabu kinachoweza kukuandalia. Kanuni ni kwamba mwonane na msikizane wakati wote. Si rafiki uliyemchagua. Wangu ni mtu mkimya, mwenye mikono mikubwa ya kazi, anayekariri haraka kuliko mtu yeyote darasani, na ambaye kabla ya kuja hapa hakuwahi kukaa chumba kimoja na Mwafrika. Aliniambia hivyo mwenyewe, bila kuzunguka, nami nikamheshimu kwa kusema. Mimi nilikuwa sijawahi kukaa na mtu asiyezungumza wakati wa kula. Tulikubaliana mambo mawili usiku wa kwanza: yeye atanisaidia kukariri, mimi nitamvuta azungumze.

Hali ya mradi, mwisho wa wiki ya kwanza ya kituo

Sarufi: jinsia za nomino hazinisumbui. Aliyelelewa na ngeli za Kiswahili hashtuki kuambiwa kwamba kitabu ni cha kiume na meza ni ya kike, na kwamba sifa lazima ifuate. Wenzangu wanateseka hapo. Kifaransa kidogo alichonifundisha baba kinasaidia msamiati.

Matamshi: hapa ndipo penye mlima. Walimu wengi walitumikia Brazil, ambako irabu husikika wazi. Ureno wanazimeza. Neno lenye irabu nne linatoka na mbili tu, na sikio la Kiswahili linasubiri zile nyingine zinazokosekana. Hata muundo hutofautiana: kwa "ninajifunza", Mbrazili atasema "estou aprendendo", Mreno "estou a aprender". Mwalimu wetu wa mchana alitumikia Lisbon na Setúbal, na anatusisitiza sisi wa Ureno tuanze na namna ya huko tangu sasa.

Somo: nimeandika aya kwa aya na nimeanza kukariri. Ninafika hadi manabii.

Fundi wa boti wa Setúbal

Siku hii ninaiandika kwa urefu.

Walimu hapa huigiza watu waliowafundisha wenyewe walipokuwa misheni. Mwalimu wetu wa mchana alivua tai, akaketi kwenye kiti pembeni, akakunja mikono ya shati, akawa fundi wa boti huko Setúbal. Sisi tukatoka nje, tukabisha hodi, tukakaribishwa. Tukasali. Tukaanza somo. Tulikwenda vizuri: Baba wa Mbinguni, manabii, huduma ya Kristo, mitume, mpaka 1820. Mwenza wangu akatoa maneno ya Joseph Smith mwenyewe kuhusu nguzo ya nuru iliyong'aa kuliko jua, yote, kwa Kireno, bila kuteleza hata mara moja. Nilijivunia kuwa kando yake.

Fundi akatutazama. Akauliza: kwa nini Mungu azungumze na mtoto wa miaka 14, na mimi nimeomba miaka yote hii?

Jibu la swali hilo halimo kwenye aya tulizokariri. Tungekuwa na Kiingereza au Kiswahili mdomoni, nadhani tungeanza kutoa hoja. Kila mmoja wetu angetafuta mstari wa kumjibu. Lakini Kireno chetu kilikuwa hakitoshi kujenga hoja yoyote. Nilikuwa na maneno ya kuuliza tu. Nikasema, "O que o senhor pediu?" Uliomba nini?

Akanyamaza. Mwenza wangu akavuta pumzi ili ajaze ule ukimya, nikamgusa goti. Tukasubiri. Fundi akaanza kusema polepole, akichagua maneno ambayo tungeyaelewa: ndugu yake alitoka kwenda baharini asubuhi moja na boti ikarudi tupu. Aliomba arudi. Hakurudi. Baada ya hapo hakuomba tena kwa sauti.

Sikuelewa kila neno. Nilielewa ndugu, bahari, boti, tupu. Nilimwambia kwamba ninasikitika, na kwamba kwetu pia kuna watu waliotoka na hawakurudi. Hilo niliweza kulisema kwa sababu lilikuwa fupi na lilikuwa kweli. Kisha nikafungua Yakobo 1:5 na badala ya kumsomea nikampa kitabu asome mwenyewe. Akasoma: mtu akipungukiwa na hekima na aombe kwa Mungu, naye atapewa. Nikamuuliza kama anaona tofauti kati ya kuomba kitu na kuomba hekima. Akasema atafikiri. Tukamwomba atufungie kwa sala, na akasali, akiwa bado yule fundi, sala ya sentensi tatu.

Alipofunga tena tai yake, mwalimu alituambia kwamba mtu yule halisi aliulizwa karibu swali hilohilo na mwenza wa mwalimu wa wakati huo, na tangu siku hiyo mtu yule akawa anawasubiri mlangoni.

Hubiri Injili Yangu, kitabu chetu cha mwongozo wa wamisionari, kinatufundisha kwamba tunafundisha watu, si masomo. Nilikuwa nimelisoma hilo nyumbani na kulipigia mstari. Sasa nimeliona likitokea.

Mabadiliko ya mpango: sikariri tena somo aya kwa aya. Kila sehemu ya somo nitajifunza kweli yenyewe kwa sentensi moja ninayoimiliki, andiko moja, na maswali mawili ya kumuuliza mtu, na nitajifunza kusikia majibu. Kusikia ndiko kwenye kazi zaidi. Mwenza wangu amekubali, ingawa kwake kuacha kukariri ni kama kumwambia aache kulima.

Jumanne

Ibada ya Jumanne, wote ukumbini. Kabla yake kwaya, na kwaya ni ya yeyote anayetaka kuimba, kwa hiyo ni kubwa mno. Sauti za namna hiyo sijawahi kusimama katikati yake. Niliimba besi, mwenza wangu aliimba kimya kimya. Mengine ya siku hiyo ni vitenzi.

Mwenza wangu

Ameniruhusu kuandika haya, na ameyasoma.

Kwa siku kadhaa alikuwa haongei kabisa, hata kwa Kiingereza. Kwenye darasa la kufundisha alikuwa anatoa sehemu yake vizuri na kurudi ndani yake. Jioni, wakati wa mazoezi, wengine wakicheza mpira wa wavu, tulizunguka uwanja kwa miguu. Nilimuuliza kama ni nyumbani anakowaza. Akasema hapana. Tukazunguka tena. Ndipo akaniambia: anajua kila neno la somo, na anaposema "Eu sei", ninajua, hasikii chochote ndani yake. Amelelewa katika Kanisa, baba yake ni askofu, kaka zake wote wamekwenda misheni, na hajui kama anayoyasema ni yake.

Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Mimi niliona baba yangu akibadilika mbele ya macho yangu. Kwangu jambo hili halina utata. Lakini ushuhuda wangu haukuwa alichokiomba. Nikamuuliza: unachotaka ni nini? Akatembea kidogo. Akasema anataka iwe kweli.

Usiku alifungua mwenyewe Alma 32, kwenye Kitabu cha Mormoni, maandiko yetu matakatifu pamoja na Biblia, pale Alma anapowaambia maskini waliofukuzwa kwenye masinagogi kwamba hata kama hawawezi zaidi ya kutamani kuamini, waache tamanio hilo lifanye kazi ndani yao, na analilinganisha neno na mbegu. Alinisomea kwa Kireno, akasimama kwenye kila neno gumu. Kesho yake alikwenda kuzungumza na rais wa tawi letu la hapa kituoni, ambaye alimsikiliza muda mrefu na hakumharakisha wala kumwaibisha. Tunasema wazi: wapo wanaorudi nyumbani kutoka hapa, na wanaorudi ni ndugu zetu vilevile. Yeye alichagua kubaki.

Kilichobadilika ni kwamba tulipofundisha tena, alipofika mahali pa kutoa ushuhuda alisema, "Eu quero crer, e estou a orar." Ninataka kuamini, na ninaomba. Mwalimu hakumkatiza. Na ninaamini kwa dhati kwamba ilikuwa mara ya kwanza mtu yeyote chumbani mle kumsikia kweli.

Jumamosi, watu wa kujitolea

Hawa si waigizaji. Ni watu wa Kireno wanaoishi karibu, au wanaokutana nasi kwa video kutoka mbali, na huja na maisha yao wenyewe. Tulikaa kwanza na mama mmoja Mbrazili ambaye aliturekebishia sauti ya puani kwenye "não" na "coração" mpaka ikatoka. Halafu kwenye skrini, mzee mmoja akiwa Ureno. Irabu zote amezimeza. Dakika za mwanzo nilishika neno hapa na pale, nikamwomba aseme polepole, akasema polepole kidogo sana.

Alitueleza kwamba alikuwa kijana wakati wa mapinduzi ya Aprili 1974, na kwamba wamisionari wetu waliingia nchini mwishoni mwa mwaka huohuo. Kabla ya hapo, alisema, mtu hakufikiria kwamba dini inaweza kuchaguliwa. Nilimuuliza alijisikiaje siku ya kuchagua. Aliongea kwa muda. Tukamfundisha somo la kwanza hata hivyo, naye akalisikiliza kana kwamba ni jipya. Mwisho tulimwomba aeleze alichosikia. Alieleza: Mungu ni Baba, bado anazungumza, alizungumza na kijana, na naweza kumwuliza mimi mwenyewe. Kisha akataja hekalu la Lisbon, lililowekwa wakfu Septemba 2019, na kusema kwamba tukifika tumtafute pale.

Karatasi ilikuwa mfukoni muda wote. Hali ya mradi: kipimo kimefikiwa. Kireno chetu ni cha mtoto mdogo, sentensi zetu ni fupi, vitenzi vya wakati uliopita bado vinayumba. Ila mzee alieleza tulichofundisha.

Ratiba ya safari

Ratiba za safari zimetoka. Viza ya mwenza wangu imekuja. Yangu bado.

Kwa anayesubiri viza, kituo hakimwachi akae. Hupewa misheni ya muda hapahapa Marekani hadi karatasi zifike. Wakati mwingine ni wiki chache, wakati mwingine ni miezi. Mimi nimepangiwa misheni ya Massachusetts Boston, na nimeshukuru mno, kwa sababu miji ya kule kama Brockton, Fall River na New Bedford ina watu wengi wa Ureno, Brazil na Cabo Verde. Kireno changu hakitalala. Nilipowapigia nyumbani, baba alikaa kimya kidogo kisha akasema, "Karatasi tunazijua sisi. Zitakuja." Mama anauliza baridi ya Boston ikoje na kama koti nililonalo linatosha. Halitoshi, nitanunua jingine.

Mwenza wangu amenipa daftari lake la vitenzi vya wakati uliopita, lote kwa mwandiko wake. Nimempa orodha yangu ya maswali. Ataanza Lisbon na mmisionari mzoefu atakayemlea kwa wiki 12 za mwanzo, nami vivyo hivyo huko ninakokwenda.

Awamu inayofuata ya mradi, nitakayoiandika kutoka Massachusetts: somo la pili, Mpango wa Wokovu, kwa namna ileile ya kweli moja, andiko moja na maswali mawili, wakati uliopita, na salamu za Kikrioli cha Cabo Verde, kwa kuwa mwalimu ameniambia kuwa wazee wa kule hufungua mlango kwa Kikrioli kwanza. Ndege ni Jumatatu alfajiri.